Jibu: Besi ya zamani itadumu Malindi?

Ndugu, umeuliza kama ununue gitaa la besi la Fender Precision la miaka ya 70 ya kupigia hotelini na harusini hapa Malindi. Nunua, ila ujue adui wako ni chumvi ya bahari. Huanza na jeki (tundu la kuchomekea waya) na vifundo vya sauti: ukigeuza kidogo tu, spika inakwaruza. Tafadhali usikimbilie kung'oa vifaa vya asili! Puliza ndani ya kifundo dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, kizungushe huku na huku, kisha usikilize. Mara nyingi mikwaruzo huisha. Ukimaliza kupiga, futa nyuzi na daraja (kipande cha chuma kinachoshikilia nyuzi mwilini) kwa kitambaa kikavu, hata kama ni saa nane za usiku na umechoka.

Shingo nayo hujipinda kwa unyevu. Kabla hujalipa, hakikisha chuma kilichomo ndani yake bado kinakazika. Kwenye Precision za wakati huo skrubu yake iko upande wa mwili, kwa hiyo mara nyingi fundi hulazimika kufungua shingo kwanza. Muuzaji akikataa ikaguliwe, achana naye.

Nyuzi weka zile bapa (zilizozungushiwa waya bapa, laini kwa kidole), kama alizotumia James Jamerson, mpiga besi wa Motown, Marekani. Kwenye chakacha zinakaa vizuri mno.

Pedali, yaani vifaa vya kukanyaga vya kubadili sauti? Kompresa, ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, inatosha kuanzia. Boss OC-2, pedali ya oktava (huongeza noti ileile kwa sauti ya chini zaidi), iliyotoka 1982, ni tamu kwenye rege, lakini noti za chini kabisa huishinda, basi piga noti za juu kidogo, karibu zaidi na mwili wa gitaa.