Jibu: Jedwali la Kislovenia na Kiassam lina matundu

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: katika jedwali lako la kulinganisha lugha, safu za nomino upande wa Kislovenia zimejaa, za Kiassam (lugha ya Assam, India) zina matundu, na sasa una shaka kama lugha hizi zina undugu wowote.

Undugu upo, ila wa mbali. Zote ni za Kihindi-Kiulaya, moja tawi la Kislavoni, nyingine la Kihindi-Kiarya. Anza na namba: mbili ni *dva* na *dui*, tatu ni *tri* na *tini*.

Matundu yako yanatokana na jinsia ya kisarufi, yaani kugawa nomino kuwa za kiume, za kike na kadhalika. Kislovenia kina jinsia tatu, Kiassam hakina hata moja, kwa hiyo futa safu hiyo. Futa na ya uwili, yaani umbo maalumu la nomino kwa vitu viwili. Slovenia wanasema *mesto* kwa mji mmoja, *dve mesti* kwa miwili, *tri mesta* kwa mitatu. Assam hawana habari na mambo hayo.

Badala yake ongeza safu ya viainishi (viambishi vinavyoonyesha kitu ni cha aina gani), maana huko ndiko Kiassam kinakotajirika. Kitu bapa hupewa *-khon*, hivyo kitabu chenyewe ni *kitapkhon* (ndiyo, asili ni Kiarabu, kama chetu). Mwanamke hupewa *-zoni*.

Kwenye ukanushaji utajisikia nyumbani: Kiassam kinabandika kiambishi mbele ya kitenzi, *khaũ* nala, *nakhaũ* sili. Kislovenia kinaweka neno pembeni, *ne jem*.

Maandishi usiyalinganishe. Andika Kiassam chote kwa herufi za Kilatini kwanza, ndipo ujaze jedwali.