Kilichomzuia kilikuwa baridi tu

Wiki hii mmeuliza kama kuna ubaya kufuga chaza wa kigeni kwenye maji ambayo hayamfai kuzaa. Mimi ni mzaliwa wa Vanga, pwani ya Kenya, naishi Esbjerg, Denmark, kando ya Bahari ya Wadden, na jibu langu nalikanyaga kila maji yakupwapo.

Chaza aliyejaa huku asili yake ni Japani. Waholanzi walimleta Oosterschelde, ghuba ya kwao, mwaka 1964, baada ya baridi kali ya 1962–63 kuua chaza wao wa kienyeji. Waliamini maji yale ni baridi mno: atanenepa tu, hatazaa. Yakaja majira ya joto ya 1975 na 1976, akazaa. Wajerumani nao walianza kumfuga kisiwani Sylt mwaka 1986. Kufika 1991 alishaonekana nje ya shamba. Jike mmoja hutaga mayai kwa mamilioni, na vitoto huelea na mkondo wiki mbili, tatu, kabla ya kunata. Mipaka ya nchi wataijulia wapi?

Laiti mngeona bamvua likitoka. Palipokuwa na kome weusi juu ya tope, sasa pana mwamba. Chaza wamesimama wima, ukingo kama wembe, mdogo kanata juu ya mkubwa, na juu yake kanata mwingine. Pekupeku hakuendeki, mwanangu alipasuka kisigino hatua ya tatu. Ndege wa mdomo mwekundu, bingwa wa kufungua kome, chaza mkubwa humshinda.

Hata hivyo nisimsingizie. Inama uchokonoe chini ya mwamba, utawakuta kome wazima, wamejibanza kaa wasiwafikie. Wamedumaa, ila wapo.

Wengine husema tuwale hadi waishe. Mwaka 2017 ubalozi wa Denmark mjini Beijing uliandika habari zao mtandaoni, Wachina kwa wingi wakajitolea kuja kula. Nami hujaza ndoo, nikatia ndimu na pilipili. Nikirudi bamvua lijalo, pengo nililoacha silioni.

Kwa hiyo anayetaka kufuga pwani yetu, namsihi amfuge chaza wa mikokoni, yule mama zetu wanayemwokota miaka yote. Mbegu yake hunata yenyewe kwenye mizizi. Haina haja ya kuvushwa bahari.