UTI sugu, au dawa isiyo yake?

SWALI: Daktari, kila baada ya muda mfupi ninaugua UTI. Napimwa mkojo, naambiwa kuna wadudu, napewa siprofloksasini, na mara nyingine najinunulia azithromaisini katika duka la dawa. Napata nafuu, kisha mkojo unaanza tena kuchoma. Sasa nimeambiwa nina UTI sugu na kwamba nichomwe sindano za seftriaksoni. Nikubali? — Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yangu, ikiwa huna homa, kabla ya sindano omba mkojo wako uoteshwe. Kipimo cha kijiti na darubini huweza kuonyesha kwamba kuna bakteria, lakini hakisemi ni bakteria gani wala ni dawa gani inayowaweza. Chukua mkojo wa katikati, yaani ule unaotoka baada ya kumwaga wa mwanzo, kabla hujameza dozi yoyote, na ufikishwe maabara mapema. Huko huoteshwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, kisha wale walioota hupandwa kwenye sahani nyingine na vijiduara vya karatasi vyenye dawa mbalimbali hupangwa juu yao. Dawa yenye nguvu huacha eneo tupu kuizunguka, ilhali ile iliyoshindwa huzingirwa na bakteria hadi ukingoni. Majibu huchukua siku 2 hadi 3.

Mara nyingi mhusika ni bakteria aitwaye E. koli, ambaye makazi yake ni utumbo. Siprofloksasini unayomeza, hata ikiwa ni kwa ajili ya kuhara, huua walio dhaifu na kuwaacha wasugu, nao wanaweza kuingia kwenye kibofu baadaye. Isitoshe, bakteria hupeana vinasaba vya usugu. Baadhi yao hutengeneza kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni yenyewe, na hapo sindano haitafua dafu, hata kama wengi wetu tunaamini kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge. Kwa maambukizi ya kibofu tu, nitrofurantoini, dawa ya zamani ya kumeza, mara nyingi bado inafanya kazi. Haifai figo zikishambuliwa, kwa sababu haifiki huko kwa kiwango cha kutosha.

Lakini huenda huna UTI kabisa. Katika utafiti wa HATUA uliofanywa Kenya, Tanzania na Uganda, ni takriban theluthi moja tu ya wagonjwa wenye dalili waliothibitika kuwa na maambukizi baada ya mkojo kuoteshwa, na takriban nusu ya bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa za makundi kadhaa. Kwa hiyo bakteria wasipoota, daktari atafute magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia au, hasa mkojo ukiwa na damu, kichocho.

Homa, kutetemeka na maumivu ya kiuno ni dalili za figo kushambuliwa; ukiziona, nenda hospitali siku hiyo hiyo, sampuli ichukuliwe na matibabu yaanze bila kungoja majibu. Mjamzito naye, hata asipohisi chochote, hutibiwa mkojo wake ukiotesha bakteria kwa wingi.