Wasomaji wanauliza: Mbona babu anaisema treni ya mvuke kama mtu aliyemjua?

SWALI: Mhariri, habari ya kazi. Babu yangu alikuwa fayamani, yule wa kutunza moto wa injini, kwenye reli enzi za East African Railways, sasa hivi masikio yamepungua na magoti hayamtaki lakini ukimtajia Garratt, zile injini kubwa za mvuke, anakaa wima. Juzi tukampandisha SGR kwenda Nairobi, tukajua atafurahi, akalala njia nzima na kufika akasema "hili ni basi tu." Tukimwambia dizeli ndio yenye faida, haina masizi, haisimami kila saa kunywa maji, anacheka. Je, huu ni uzee tu na kukumbuka ujana, ama kuna ukweli hapo? (Mjukuu wa fayamani, Voi)

JIBU: Mjukuu, mpe babu shikamoo yangu na usibishane naye, kwa hili amekuzidi. Ujana unachangia, sikatai, kila mtu chapati za utotoni kwao zilikuwa tamu kuliko za leo. Ila kama ingekuwa ni kumbukumbu peke yake basi ingezikwa na wazee, na haizikwi. Uingereza shirika lao la reli lilizima mvuke Agosti 1968, halafu mwaka 1990 watu wakaanza kuchangishana pesa wajenge injini mpya kabisa ya mvuke, mpya ya kuanzia chuma kitupu, ikakamilika pale Darlington mwaka 2008, wanaiita Tornado, na kati ya wanaoikimbilia na kamera wapo kibao waliozaliwa mvuke umeshazimwa zamani. Hao wanakumbuka ujana gani?

Mimi naona siri iko kwenye sauti. Ile "chu" unayoisikia ni mvuke uliomaliza kusukuma pistoni, sasa unatoka mbio kupitia bomba la moshi, na ukitoka hivyo unavuta hewa mpya iingie kwenye moto. Injini ya silinda mbili inatoa chu nne kila gurudumu likizunguka mara moja, hesabu ukipenda. Yaani sauti na gurudumu ni kitu kimoja! Ikipanda mlima na mzigo unaisikia inahema, chu… chu… na wewe behewani unaanza kuisaidia kwa mabega, na kadiri inavyohangaika ndivyo inavyovuta hewa zaidi na moto unazidi kuwaka, hakuna aliyeiambia. Magurudumu yakiteleza unasikia papo hapo, chuchuchuchu, abiria wote wanajua.

Sasa njoo kwa dizeli. Nyingi zake ile injini inazungusha jenereta tu, jenereta inatoa umeme, umeme unaenda kwa mota zilizo chini kwenye ekseli, injini yenyewe haijashikana na gurudumu hata kidogo. Ndio maana utaikuta imesimama stesheni inanguruma kama imetukanwa na haiendi popote. Kazi inafanyika vizuri tu, ila imefungiwa ndani ya boksi na wewe uliye nje huambiwi kitu.

Na babu yako hakuwa na injini ya kawaida, alikuwa na Garratt. Hizi ni injini mbili chini ya boila moja, kila moja ina silinda zake na chu zake, na hazijafungwa pamoja, kwa hiyo zinaanza pamoja, zinaachana kidogo kidogo, mara zinapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, halafu zinakutana tena. Zile za Class 59 zilijengwa Manchester na Beyer Peacock 1955 na 1956, zilikuwa 34, kila moja zaidi ya tani 250, hakuna injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda iliyowahi kukanyaga reli ya upana wa mita moja. Zilitoka Mombasa usawa wa bahari zikapanda hadi Nairobi zaidi ya mita 1,600 juu.

Muulize pia habari za moshi. Class 59 zilichoma mafuta mazito, hakuna koleo wala makaa, kazi ya fayamani ilikuwa mkono mmoja kwenye vali ya mafuta, jicho moja kwenye kioo cha maji ya boila na lingine kwenye bomba. Moshi mweusi tititi, mafuta yamezidi. Hakuna moshi kabisa, hewa imezidi na moto unapoa. Alikuwa akitafuta ukungu mwembamba tu, safari nzima, kilomita 500 na ushee. Mtu wa namna hiyo umpandishe SGR mlango ufungwe na AC iwashwe, kwa nini asilale?

SWALI: Kama ni tamu hivyo zilitolewa za nini? (Msomaji, Mtito Andei)

JIBU: Kwa sababu wewe unasikiliza, shirika linalipa. Mvuke unapoteza joto jingi angani, injini ya kawaida haifikishi hata asilimia 10 ya nguvu ya mafuta kwenye kazi, dizeli inapita 30. Inawashwa masaa kadhaa kabla ya safari, inataka maji mengi na nyie wa huko mnajua shida ya maji, boila ioshwe, majivu na masizi yatolewe. Dizeli unawasha unaondoka, na ukiziunga mbili dereva ni yuleyule. Dizeli kubwa ziliingia hapa 1960, na kufikia 1980 Class 59 zote zimestaafu. Ningekuwa meneja na mimi ningezitoa, halafu ningeenda kulia pembeni.

Mbili zipo makumbusho ya reli Nairobi, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Ilikuwa ni desturi kuzipa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na hizo mbili zote ni milima ya Tanzania (jirani zetu wakizidai sijui tutajibu nini). Mjukuu wa Voi, mpeleke babu huko, na ubebe kitambaa, atashika kila kitu.

SWALI: Treni ya Dar kwenda Dodoma ni ya umeme, moshi hakuna. Bado tuiite gari moshi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Iite tu. Simu asili yake ni waya, na hiyo uliyonitumia swali haina waya.