Kabla ya kuchagua hereni, uliza ni madini gani

Tundu jipya la sikio, pua au kitovu ni kidonda. Ni rahisi kulisahau hilo kwa kuwa kidonda chenyewe ni kidogo na kinapendeza machoni, lakini mwili hauna habari na urembo. Unachokijua ni kwamba ngozi imepasuliwa na kuna kitu kigeni kimekaa humo usiku na mchana. Kwenye ndewe kitu hicho hukaa wiki 6 hadi 8 kabla tundu halijapona. Kwenye gegedu, ile sehemu ngumu ya juu ya sikio, na kwenye kitovu, ni miezi 6 na pengine mwaka mzima. Kwa hiyo mtu anayetaka kutoga akiniuliza aanzie wapi, simpeleki kwenye umbo wala rangi ya jiwe. Namwambia aanze na madini.

Nalisema hili kwa uchungu wa ngozi yangu mwenyewe. Mimi siivumilii metali iitwayo nikeli. Kifungo cha suruali kikinigusa tumboni siku ya joto, kesho yake hapo pana vipele na mwasho usioisha. Kishikizo cha mkanda wa saa nacho vilevile. Kwa miaka nimeuliza mafundi wa kutoga, nimeuliza masonara, nimesoma, na nimevaa aina nyingi za metali masikioni na puani. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia ndugu zangu.

Tuanze na nikeli, kwa sababu kero nyingi ninazozisikia kuhusu hereni huishia hapo. Ni metali ngumu, inayong'aa, na haina gharama kubwa, ndiyo maana hutumika sana katika mapambo ya bei nafuu. Mara nyingi hereni inayoonekana ya dhahabu ina shaba ndani, tabaka la nikeli juu yake, kisha utando mwembamba wa dhahabu wa kuvutia macho. Jasho na majimaji ya kidonda yana chumvi. Chumvi hiyo huimomonyoa metali kidogo kidogo, na chembe za nikeli huingia kwenye ngozi. Kinga ya mwili ikishazizoea kuziona kama adui, haizisahau tena. Mzio huo ukishakupata, umekupata kwa maisha.

Tena hauji papo hapo. Vipele na mwasho huchukua siku moja hadi tatu kujitokeza, ndipo watu hulaumu sabuni, mafuta ya nywele au mkono wa fundi, huku hereni ikiendelea kukaa palepale. Wanawake huupata mzio huu kuliko wanaume, na kutoga masikio ni mojawapo ya sababu kubwa. Hereni mbaya uliyovaa utotoni yaweza kukufuata hadi kwenye kifungo cha suruali ukiwa mtu mzima.

Umoja wa Ulaya ulitunga sheria juu ya nikeli mwaka 1994, kisha mwaka 2004 ukaweka kikomo kipya kwa vitu vinavyopitishwa kwenye matundu ya mwili: visiachie zaidi ya maikrogramu 0.2 za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Kwa vitu vinavyogusa tu ngozi nzima kwa muda mrefu, kama saa, kikomo ni 0.5. Sheria hiyo haiulizi metali ina nikeli kiasi gani ndani yake. Inauliza ni kiasi gani kinachotoka. Bila kulielewa hilo, huwezi kuelewa kwa nini watu hawakubaliani juu ya chuma.

Chuma kisichoshika kutu kinachotumika sana kwenye mapambo haya huitwa 316L, na ndani yake mna nikeli asilimia 10 hadi 14. Si kidogo. Lakini kromi iliyomo hujenga utando mwembamba mno juu ya chuma, nao huizuia nikeli isitoke kwa wingi. Ndiyo maana rafiki yako anaweza kukivaa miaka kumi bila shida, na wewe ukawashwa ndani ya wiki. Nyote mnasema kweli. Utando ule ukikwaruzwa, au chuma kikiwa hakikung'arishwa vizuri, kinachotoka huongezeka. Na aliyekwisha kupata mzio hahitaji kingi.

Halafu kuna hili jina la "chuma cha upasuaji". Linasikika kama kitu kilichotoka chumba cha operesheni, kumbe halitaji aina moja maalumu. Vyuma vya namna nyingi huuzwa kwa jina hilo. Chuma kilichotengenezwa ili kikae ndani ya mwili wa binadamu kina namba yake ya kiwango: ASTM F138, ya shirika la viwango lililoanzia Marekani, au ISO 5832-1, ya kimataifa. Fundi akikutajia namba hiyo na ngozi yako haijawahi kuonyesha dalili za mzio, chuma hicho kinafaa. Akikwambia tu kwamba ni cha upasuaji, bado hajakwambia kitu. Maneno "haileti mzio" nayo nayaweka kundi hilohilo. Nimeyakuta kwenye kadi ya hereni zilizonitoa majimaji masikioni.

Kwa tundu jipya mimi nachagua titaniamu, na sina wasiwasi nayo hata chembe. Inayotafutwa ni ile ya ASTM F136, ambayo ina asilimia 6 hivi za alumini na 4 za vanadi, au ISO 5832-3 ambayo ni mchanganyiko huohuo kwa kipimo cha kimataifa. Ipo pia ASTM F1295, yenye niobi badala ya vanadi, na F67, ambayo ni titaniamu isiyochanganywa. Kinachoifanya iaminike ni kwamba ikikutana na hewa tu huvaa utando wa oksidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni, ulioshikamana nayo kabisa, na ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe mara moja. Mwili haupati cha kugombana nacho. Mwanasayansi wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aliligundua jambo hilo miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura: vifaa vyake vya titaniamu vilishikamana na mfupa hata ikawa vigumu kuvitoa. Mwaka 1965 akaanza kuipandikiza kwenye taya za watu waliopoteza meno. Kitu kinachokubaliwa na mfupa kitakubaliwa na ndewe.

Na ni nyepesi. Uzito wake ni kama nusu tu ya chuma cha ukubwa uleule. Kwenye kipini kidogo cha pua huenda usiitambue tofauti, lakini kwenye kitovu, au sikio lenye matundu manne matano, utaishukuru kila unapolala.

Rangi zake nazo zina siri nzuri. Bluu, zambarau, dhahabu, kijani unazoziona si rangi za kupaka. Fundi huipitishia umeme ikiwa ndani ya kimiminika, utando wa oksidi unanenepa, na mwanga ukipiga hapo hurudi na rangi inayotegemea unene ule. Kubadilisha nguvu ya umeme ni kubadilisha rangi. Hakuna kilichoongezwa cha kukuwasha, ingawa rangi hufifia kwa kusuguliwa. Nyeusi ni tofauti: kwenye titaniamu haipatikani kwa njia hiyo, kwa hiyo ukiiona ujue kuna mpako juu yake, na uulize ni mpako gani. Anayependa nyeusi atafute niobi, ambayo hugeuka nyeusi kwa kuchomwa moto. Niobi haina nikeli, nami nimeivaa kwa amani, ila ni nzito karibu mara mbili ya titaniamu.

Dhahabu inahitaji macho makali zaidi. Dhahabu halisi ya karati 14, yaani yenye mhuri 585, au karati 18, mhuri 750, inafaa hata kwa tundu jipya, ilimradi kilichochanganywa nayo si nikeli. Hapo ndipo penye mtego. Karati 14 maana yake zaidi ya asilimia 40 ni metali nyingine, na mhuri hausemi ni zipi. Dhahabu nyeupe ndiyo ya kuchunguzwa sana, kwa sababu mara nyingi weupe wake hutokana na nikeli. Iko iliyofanywa nyeupe kwa paladi, na hiyo ni salama zaidi, lakini lazima umuulize sonara waziwazi: umechanganya na nini? Anayeijua kazi yake hatakasirika. Dhahabu tupu ya karati 24, ambayo wengi huiwaza kuwa bora kuliko zote, ni laini mno. Hukwaruzika, na mikwaruzo ile huchimba kidonda na kuhifadhi uchafu. Ile iliyochovywa maji ya dhahabu usiitie kwenye tundu jipya hata ikiwa zawadi ya mtu umpendaye. Utando utatoka, na kitakachobaki ndani yako hukijui.

Fedha nayo, hapana. Fedha ya 925 ina asilimia 7.5 za metali nyingine, aghalabu shaba nyekundu, na hubadilika rangi ikikutana na majimaji ya mwili. Inaweza kuacha doa la kijivu kwenye ngozi lisilofutika. Tundu likishapona kabisa, ivae kwa saa chache na uisafishe. Shaba ya aina yoyote naiweka hapo hapo. Platini ni nzuri sana kwa anayeweza kuimudu. Kioo kisicho na madini ya risasi ni rafiki wa kweli kwa wenye mzio, wengi hukisahau.

Hata hivyo madini mema yanaweza kukutesa. Hereni ya titaniamu isiyong'arishwa vizuri ina vijichimbo usivyoviona kwa macho. Tishu changa hujishika humo, na kila ukiigusa zinachanika upya. Ishike kwenye mwanga: ya kuaminika hung'aa kama kioo cha kujitazamia, bila mistari. Tazama pia hesi, yaani mikato ya kufungia kama ya skrubu. Zikiwa nje ya mguu wa hereni, zitalikwaruza tundu kila unapoitia na kuitoa. Tafuta yenye hesi za ndani, au ile isiyo na hesi, ambayo pambo lake lina kijiti kilichopindwa kidogo na husukumwa tu hadi kishike.

Urefu nao una mambo yake. Fundi mzuri hukupa kipini kirefu mwanzoni ili uvimbe upate nafasi. Baada ya wiki kadhaa uvimbe ukishapungua, urefu ule unakuwa adui: kipini kinayumba, kinanaswa na nguo na mto, tundu linapinda. Vinundu vingi vya kwenye gegedu nilivyoonyeshwa na watu wakiwa na hofu ya keloidi, lile kovu linaloendelea kukua, vilikuwa vya namna hiyo, na vilitulia kipini kilipofupishwa. Rudi kwa fundi, usikiache kirefu kwa kuwa hakiumi.

Ukienda kutoga, omba kuona cheti cha metali kutoka kiwandani. Kinakuwa na namba ya kiwango, namba ya mkupuo wa metali iliyoyeyushwa pamoja, na orodha ya vilivyomo kwa asilimia. Usione haya kuomba. Wapo watakaokujibu kwa sumaku, wakikuonyesha kwamba hereni haivutwi. Hereni inayovutwa ikatae, ndiyo, lakini isiyovutwa haijathibitisha kitu, maana 316L nayo kwa kawaida haivutwi, na dhahabu na shaba vilevile. Na ukiona wanatumia bunduki ya plastiki ya kutogea, ondoka. Plastiki ile haistahimili joto la mashine ya mvuke inayoua vijidudu.

Shida ikitokea, itofautishe kabla ya kutenda. Majimaji meupe yanayokauka kuwa kigaga ni kawaida ya kupona. Mwasho, ukavu, vipele vidogo na wekundu unaofuata mahali metali inapogusa ni dalili za mzio, na dawa yake ni kubadilishiwa hereni iwe ya titaniamu au kioo, si kusugua spiriti. Maumivu yanayozidi, joto, usaha mzito wa njano au kijani, au homa, hayo ni maambukizi. Hapo nenda kwa daktari na usiichomoe hereni mwenyewe, kwa sababu tundu laweza kuziba na kufungia usaha ndani. Ukitaka uhakika kuhusu mzio, daktari wa ngozi anaweza kukubandika vipimo mgongoni kwa siku mbili, kisha akasoma majibu.

Kwa wale wenye hereni za kuning'inia wanazozipenda lakini zinawawasha: msipake rangi ya kucha kwenye kulabu. Hubanduka, na hubanduka ndani ya tundu. Mpelekee fundi wa mapambo atoe kulabu ya zamani na kuweka ya niobi au titaniamu. Ni kazi ya dakika chache kwa koleo, na hereni inabaki ileile.