Mlango mmoja haujifungi kwa rimoti

SWALI: Ndugu Mhariri, gari langu lina umri wa miaka 18. Nikibonyeza rimoti, milango mitatu inajifunga, lakini wa nyuma upande wa kushoto hutoa mlio hafifu tu na kipini chake hakishuki. Nikikisukuma kwa mkono, kinafunga bila tabu. Fundi ameniambia nibadilishe kitasa chote. Je, ni lazima, na ninaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kutaja kwamba kwa mkono kinafunga bila tabu, kwa sababu hilo linatuonyesha kuwa vyuma vya kitasa havijakwama, na shaka inabaki kwenye mota ndogo inayovisukuma au kwenye nyaya zake. Fyuzi ingekuwa imekatika, kwa kawaida milango mingine nayo isingeitika. Mota hiyo ya volti 12 huzungusha giya za plastiki, ambazo meno yake hulika kadiri miaka inavyopita. Au kaboni za mota, yaani vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka, huisha, ikabaki kulia bila nguvu.

Hata hivyo, usinunue chochote kabla ya kupima. Nyaya za mlangoni hupita ndani ya mpira wenye mikunjo, kati ya mlango na bodi, na hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, hadi zikakatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu huifanya hata mota nzima ilie kinyonge kama unavyosikia. Kwa hiyo pima plagi ikiwa imechomekwa, kwa taa ndogo ya volti 12 iliyogusishwa kwenye nyaya mbili za mota kutoka nyuma ya plagi, kwa kuwa waya mbovu usio na mzigo, yaani usioendesha kitu chochote, unaweza kukuonyesha volti kamili na kukudanganya. Taa ikimulika vizuri kwa ule muda mfupi wa kubonyeza rimoti na mota isiwe na nguvu, mota ndiyo mbovu.

Kuhusu kitasa chote, fundi wako huenda amesema kweli. Katika magari mengine mota hufungwa kwa skrubu zake na hutoka peke yake. Katika mengine imejengwa ndani ya kitasa, na vyote viwili huuzwa pamoja. Kipuri kiwe cha mlango ule ule na upande ule ule, na pini za plagi zilingane kwa idadi.

Kazi yenyewe unaiweza ukiwa na subira. Pandisha kioo hadi juu, kisha uondoe waya hasi wa betri, na kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni, usubiri muda uliotajwa katika kitabu cha gari. Skrubu za pambo la mlango, yaani ubao unaoufunika kwa ndani, hujificha nyuma ya mkono wa kufungulia na chini ya vifuniko vidogo. Klipu zibandue kwa kipande cha plastiki ukikiingiza karibu nazo kabisa, kwani plastiki ya zamani huvunjika upesi. Nailoni iliyo nyuma ya pambo ibandue polepole na uirudishe baadaye, maana ndiyo inayozuia maji yasiingie ndani ya gari. Piga picha fito za chuma zinazoungana na kitasa kabla ya kuzitoa. Bolti za ukingoni mwa mlango hukaza sana, na zikilika vichwa itakubidi uzitoboe kwa drili. Kwa hiyo, unapozifungua, tumia biti ya bisibisi inayozienea barabara na uikandamize kwa nguvu.

Ukishafunga kila kitu na kurudisha betri, nakusihi usiufunge mlango bado. Ukiwa wazi, sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ulie mara mbili, kisha jaribu rimoti, kipini, mkono wa ndani na wa nje, mmoja baada ya mwingine. Ufito mmoja ukiwa haujaingia mahali pake na mlango ukafungwa, hautafunguka, na pambo lake ni vigumu mno kulitoa mlango ukiwa umefungwa.