Maswali ya Wasomaji: Kusoma historia ya mashambani kwenye ramani za zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata nakala ya ramani ya zamani ya topografia ya eneo la mashambani ambalo nakusudia kuandika historia yake. Imejaa kontua (mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa), vijia na majina ya vijiji ambavyo leo havipo. Nianzie wapi kuisoma, na niiamini kwa kiasi gani?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na maandishi madogo yaliyo pambizoni, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokujulisha ushahidi ulio nao ni wa mwaka gani. Mara nyingi utakuta mwaka wa kupima ardhi au kupiga picha za anga, mwaka wa kusahihisha na mwaka wa kuchapisha, na miaka hiyo inaweza kupishana sana. Isitoshe, masahihisho huenda yaligusa barabara tu, huku nyumba na mashamba yakiachwa kama yalivyokuwa. Marekani walikuwa na utaratibu mzuri: ramani iliposahihishwa kwa picha za anga bila wapimaji kurudi uwandani, mabadiliko yalichapwa kwa rangi ya zambarau, hivyo msomaji huona papo hapo kilichoongezwa baadaye.

Kisha tazama skeli, yaani uwiano wa umbali wa ramani na wa ardhi. Katika 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, na mstari wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 25 za ardhi. Kwa hiyo usipime upana wa njia kwa kutumia mchoro wake.

Utajiri wenyewe umo katika vijia. Fuata kijia kimoja kwa kidole na ujiulize kwa nini kinapita hapo. Kikivuka mto mahali ambapo kontua zimeachana, yaani kingo si za mteremko mkali, yaelekea palikuwa na kivuko; vijia vitano vikikutana mahali pasipo na nyumba, tafuta habari za kisima, mnada au mahali pa ibada. Baada ya hapo linganisha toleo hilo na lililofuata. Vijiji vya Derwent na Ashopton nchini Uingereza vilimezwa na bwawa la Ladybower katika miaka ya 1940, lakini matoleo ya awali ya ramani bado yanaonyesha barabara zilizoviunganisha.

Kuhusu kuaminika, nakuomba ukumbuke kwamba mpimaji aliandika alichotumwa kukitafuta. Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ambayo mwanzo wake huhesabiwa tangu 1791, ilizaliwa na mahitaji ya kijeshi, na wapimaji wengi wa makoloni walitumwa kwa ajili ya utawala na kodi. Makaburi ya ukoo, misitu ya matambiko na mashamba ya kuhamahama yangeweza kuachwa bila alama yoyote. Kwa hiyo, ramani ikionyesha kitu, una ushahidi wa kuanzia. Isipokionyesha, huna haki ya kuandika kwamba hakikuwapo. Wapelekee wazee nakala hiyo, uwasomee majina kwa sauti, na uandike wanavyoyatamka wao hata kama ramani imeyaandika vingine.

SWALI: Nimeiweka ramani hiyo kwenye simu, lakini GPS inanionyesha mbali na njia panda niliyosimama. Je, ramani ina kosa?

JIBU: Si lazima. Ramani nyingi za zamani zilitumia mifumo ya vipimo (msingi wa kukokotoa mahali kitu kilipo duniani) iliyo tofauti na WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS. Kwa mfano, mfumo wa Arc 1960 wa Afrika Mashariki unatofautiana nao kwa takriban mita 300, umbali unaotosha kukupeleka ng'ambo ya bonde. Soma pambizoni jina la mfumo uliotumika, kisha uisajili ramani upya, yaani uilinganishe na mahali halisi, katika programu ya bure ya ramani kama QGIS kwa kutumia alama zisizohama, kama vile nguzo za upimaji na madaraja ya mawe. Usitumie kona za mto, kwa kuwa mto huhama.